Chaguo Lililokaa Kimya

Picha ya droni ikifika Tinde huwa imeshakula bando la mtu njiani. Ndiyo maana wapimaji wanaofanya kazi na migodi hupenda kuibana katika muundo wa ECW, ambao hupunguza ukubwa wa picha ya anga mara kumi au zaidi bila jicho kuona tofauti ya maana. Hata hivyo faili hubaki zito, na watu wengi huona afadhali kulitia kwenye flashi na flashi ikapanda basi. Tinde ni mahali pazuri pa kuipokea. Barabara inayotoka Nzega hugawanyika hapo hapo: tawi moja linakwenda Isaka, Kahama na mpaka wa Rusumo, jingine linakwenda Shinyanga mjini na Mwanza. Mpimaji mwenye meza yake hapo anaweza kupata kazi ya Mwadui kwenye almasi wiki hii, na wiki ijayo ya upande wa Kahama au Geita kwenye dhahabu.

Tuseme mpimaji huyo anatumia Ubuntu. Ameweka QGIS, programu ya ramani, kwa amri ya kawaida ya apt, na ramani zake zote zinafunguka. Anachomeka flashi, anaivuta picha ndani ya QGIS, na haitokei. Anajaribu kwenye terminali:

gdalinfo duara_kaskazini.ecw

Jibu linalorudi ni ERROR 4: faili hilo halitambuliki kuwa la muundo unaokubalika. Mteja, mzee mwenye leseni ndogo ya uchimbaji, amekaa kwenye benchi nje. Anauliza, "Kijana, ramani yangu imefikia wapi?" Kijana anajibu, "Faili lipo, mzee, ila halijafunguka bado," na mzee anaanza kushuku kwamba flashi imeharibika.

Flashi ni nzima. Faili ni zima. Programu nayo ni nzima, tena huenda ni toleo jipya kabisa. Kilichotokea ni kwamba aliyeijenga programu, mbali na Tinde na kwa sababu zake halali, aliacha chaguo moja likiwa limezimwa.

Sababu hizo inafaa kuzijua, kwa kuwa zinaeleza kwa nini tatizo hili halitibiwi kwa apt upgrade. ECW ilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1990 katika kampuni iliyoitwa Earth Resource Mapping, yenye makao Perth, Australia, mji ambao biashara yake kubwa ni madini. Mwaka 2007 kampuni hiyo ilinunuliwa na ERDAS, na leo teknolojia hiyo iko mikononi mwa Hexagon. Laibrari ya kusoma ECW hutolewa bure, lakini imefungwa: huoni msimbo chanzo wake, na ina masharti ya matumizi. Kuandika ECW ni leseni ya kulipia. Upande wa pili iko GDAL, aliyoianzisha Frank Warmerdam mwaka 1998, laibrari huria inayosoma na kuandika miundo mingi sana ya data za ramani. QGIS haifungui picha yenyewe, huiomba GDAL. Debian na Ubuntu, ambao hazina zao kuu ni za programu huria, hawawezi kusambaza GDAL iliyounganishwa na laibrari iliyofungwa. Kwa hiyo GDAL ya apt hujengwa bila ECW, na anayeitaka ECW lazima aijenge mwenyewe.

Hapo ndipo wengi wanapokwama, na aghalabu hukwama baada ya kudhani wamemaliza.

Programu nyingi za Linux, unapozijenga kutoka kwenye msimbo chanzo, hupitia kwanza hatua ya usanidi. Za zamani hutumia hati inayoitwa configure, yenye machaguo ya --with na --without, --enable na --disable. Nyingine hutumia CMake, ambako chaguo huandikwa kwa -D. GDAL ilihamia huko: toleo la 3.5 la mwaka 2022 lilikubali njia zote mbili, na 3.6 la mwaka huo huo likaiacha njia ya zamani. Nyingine hutumia Meson. Sura zinatofautiana, ila swali ni lile lile: kitu hiki cha ziada, tukiweke au tusikiweke?

Majibu ni matatu. La kwanza ni ndiyo, na kama hakipo, simama. La pili ni hapana. La tatu ni kiweke ukikikuta, usipokikuta endelea. Meson inayataja majibu haya waziwazi: enabled, disabled, auto. Katika configure na CMake hili la tatu mara nyingi ndilo linalotumika usipotaja chochote, na ndilo mama wa matatizo mengi yanayozungumzwa katika sura hii. Ni fundi ujenzi ambaye amekosa nondo dukani, akamwaga zege bila nondo, akapiga lipu, akapaka rangi, akakukabidhi funguo. Nyumba unaiona imesimama. Hakukudanganya, kwa sababu hukumuuliza.

Mfano ulio maarufu kuliko huu wa ECW ni wa Python. Mtu anajenga Python kwenye mashine isiyo na faili za OpenSSL za kujengea. Kazi inaisha bila kosa. Katikati ya mamia ya mistari iliyopita kwenye skrini kuna aya fupi inayotaja moduli za hiari zilizokosa mahitaji yake, na _ssl imo. Siku chache baadaye anaandika pip install na pip inalalamika kwamba haiwezi kuwasiliana na mtandao kwa usalama. Anailaumu intaneti. Anabadili laini, anaongeza bando. Python 3.10 ilipotoka mwaka 2021 ikidai OpenSSL isiyopungua 1.1.1, waliokuwa kwenye CentOS 7 yenye OpenSSL 1.0.2 walikutana na jambo hilo hilo: faili za kujengea walikuwa nazo, ila zilikuwa za zamani mno, na moduli ikaachwa bila kelele.

Ushauri wa kwanza, basi, ni huu, na ningekuwa na nafasi ya kutoa mmoja tu ningetoa huu: usiliache chaguo unalolihitaji kwenye jibu la tatu. Litaje kwa jina. Kwa mpimaji wetu ni:

cmake -S . -B jengo -DGDAL_USE_ECW=ON -DECW_ROOT=/opt/ecw

Hapo /opt/ecw ni folda alikoiweka laibrari ya Hexagon. CMake isipoikuta sasa, itagoma na kusema kwamba imeagizwa kutumia ECW lakini haijaiona. Kugoma huko ni faida. Kosa linalojitokeza katika dakika ya kwanza ni nafuu kuliko linalojitokeza baada ya saa nzima ya kukompaili, hasa mahali ambapo umeme unaweza kukatika kabla saa hiyo haijaisha.

Lakini angalia tahajia. Ukiandika GDAL_USE_EWC, CMake haitagoma. Itakubali, itaendelea, na mwishoni kabisa itatoa onyo kwamba kuna kigezo ulichokitaja na mradi haukukitumia. Configure nayo hufanya hivyo hivyo: onyo la unrecognized options, kisha safari inaendelea. Binafsi nadhani huu ni uamuzi mbaya wa waliobuni zana hizi, ingawa wana sababu zao za kutaka hati moja iweze kuendesha miradi mingi. Kwa vyovyote, mwishoni mwa usanidi rudi juu usome. CMake ya GDAL huorodhesha laibrari zilizoonekana, zisizoonekana, na miundo itakayokubalika. Ni dakika mbili za kusoma Kiingereza kikavu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitupatia Jambo OpenOffice, na kwa mara ya kwanza menyu za ofisi zikasema nasi kwa Kiswahili. Kompaila bado haijafika huko, hivyo maneno kama not found na disabled itabidi tuyazoee yalivyo.

Usanidi ukigoma, ulizia kwanza faili za heda. Kwenye Debian na Ubuntu laibrari hugawanywa vifurushi viwili: kimoja cha kuendeshea programu, kingine cha kujengea, chenye jina linaloishia na -dev. Kwenye Fedora ni -devel. Mtu anaweza kuapa kwamba OpenSSL anayo, na ni kweli anayo. Asichokuwa nacho ni libssl-dev. Ushahidi hukaa kwenye config.log kwa programu za configure. Usisome mistari ya mwisho, maana huko kumejaa orodha ndefu ya vigezo. Tafuta jina la laibrari yako, na karibu nalo utakuta kompaila ikilalamika kwamba faili fulani la .h halipo. Jina la hilo faili ndilo unalolihitaji: mpe apt-file search, itakutajia kifurushi.

Kuna njia ya mkato inayookoa mchana mzima. Amri ya sudo apt build-dep gdal hushusha kila kitu ambacho Ubuntu wenyewe walikitumia kuijenga GDAL. Itafanya kazi tu kama hazina za msimbo chanzo zimewashwa, yaani kwenye mipangilio ya apt neno deb-src lipo pamoja na deb. Matoleo mengi huja likiwa halijawashwa, na ujumbe wa kosa unalisema hilo, ila watu hawausomi.

Ukishaweka kilichokosekana, tatizo jingine linakungoja. CMake ina kumbukumbu. Majibu ya jaribio la kwanza yako kwenye faili la CMakeCache.txt, na unaweza kuweka kifurushi sahihi halafu ukaambiwa yale yale ya asubuhi. Futa folda ya jengo uanze upya, au tumia --fresh kama CMake yako ni 3.24 au zaidi. Wapo wanaoogopa kuifuta wakidhani watapoteza kazi. Usanidi ni dakika chache, na msimbo chanzo hauguswi.

Kisha hatua ya kukompaili yenyewe. Kosa la kawaida hapa halihusu machaguo hata kidogo: laptopu ya RAM ya gigabaiti 4 iliyoagizwa kufanya kazi nane kwa wakati mmoja itaua mojawapo, na ujumbe utataja Killed na cc1plus. Punguza iwe -j2. Itachukua muda, lakini itafika.

Kosa linalohusu ECW huja mwishoni, wakati wa kuunganisha vipande. Kompaila inalalamika kuhusu undefined reference, na ndani ya mlolongo wa herufi kuna __cxx11. Mwaka 2015 GCC toleo la 5 ilibadili jinsi baadhi ya aina za C++, zikiwemo za maandishi, zinavyopangwa kwenye kumbukumbu. Laibrari ya msimbo huria unaijenga upya na yanaisha. Iliyofungwa huwezi kuijenga upya, kwa hiyo mwenye nayo hulazimika kutoa nakala mbili, ya mtindo wa zamani na ya mtindo mpya. Ukiielekeza GDAL kwenye nakala isiyofaa, chaguo limewashwa, laibrari imeonekana, na bado halikubali. Elekeza kwenye ya mtindo mpya; Ubuntu ya leo yote iko huko.

Sasa imejengwa. Mpimaji anaandika sudo cmake --install jengo, na hapa ndipo ningemshika mkono. Kwa kawaida GDAL yake itakwenda /usr/local, wakati ile ya apt iko /usr. QGIS iliyowekwa na apt inaifahamu ya /usr. Sasa kuna mbili, na itakayotumika inategemea nani ametangulia kwenye njia ya utafutaji. Amri ya ldd $(which gdalinfo) | grep gdal itakuonyesha ni ipi. Hali huwa mbaya zaidi kama njiani aliijenga na PROJ pia, laibrari inayogeuza kodineti. Tangu toleo la 6 la mwaka 2019, PROJ huweka elimu yake yote ya mifumo ya kodineti kwenye faili moja la proj.db. Ukiwa na PROJ mbili, ya kwanza inaweza kufungua faili la ya pili, na utasoma ujumbe kwamba hifadhidata hiyo imetoka kwenye usakinishaji mwingine. Au haitaiona kabisa, na utaambiwa Cannot find proj.db.

Kwa mchimbaji wa Shinyanga au Geita hili si la kuchekea. Leseni hutolewa na Tume ya Madini, na kodineti zake ziko kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa Afrika Mashariki. GPS na droni hutumia WGS 84. Katika ukanda wa Tinde, ambao ni UTM 36 Kusini, namba za nukta moja hiyo hiyo zikihamishwa kutoka Arc 1960 kwenda WGS 84, ya kaskazini hupungua karibu mita 300 na ya mashariki huongezeka kwa kiasi kisichofika mita 100. Leseni ndogo ya dhahabu haizidi hekta 10. Hekta 10 zenye umbo la mraba zina upande wa mita 316. Atakayezichukua namba za leseni na kuziingiza kwenye GPS bila kugeuza atasimama karibu mita 300 kaskazini mwa bikoni yake, pengine ndani ya eneo la jirani, na akianza kuchimba hapo anaweza kuwa amechimba kwa mwenzake.

Programu nayo inaweza kukosea hivyo hivyo bila kusema. Mradi wa zamani ambao mfumo wake umeandikwa kwa mkono, ukitaja ellipsoidi ya Clarke 1880 bila vigezo vya kuhamishia, utafunguka vizuri, na PROJ itachukulia kwamba hakuna cha kusogeza. Vigezo vinavyotumika kwa Tanzania ni -175, -23 na -303. Wastani wa Arc 1960 yote ni -160, -6 na -302. Vyovyote utakavyotumia, kaskazini lazima isogee karibu mita 300. Ndiyo sababu baada ya kila usakinishaji namshauri mpimaji asiamini kwamba ramani imefunguka, bali apitishe nukta moja ya bikoni anayoijua kwa miguu:

cs2cs EPSG:21036 EPSG:32736

Aandike kodineti za leseni, asome jibu. Namba ya kaskazini isipopungua karibu mita 300, PROJ haikufanya kazi yake, na ramani hiyo isiende kwa mzee.

Kuhusu GDAL mbili, kuna njia safi zaidi, ambayo waelekezaji wengi wenye haraka huiruka. GDAL hukubali msomaji wa muundo mmoja ajengwe peke yake kama programu-jalizi. Unaongeza GDAL_ENABLE_DRIVER_ECW_PLUGIN=ON, unajenga kutoka kwenye msimbo chanzo wa toleo lile lile lililowekwa na apt (gdalinfo --version itakutajia), lakini husakinishi chochote. Ndani ya jengo unachukua faili moja tu, gdal_ECW_JP2ECW.so, unaliweka kwenye folda yako, na unaielekeza GDAL huko kwa kigezo cha GDAL_DRIVER_PATH. Laibrari ya Hexagon nayo lazima iwe mahali ambapo mfumo unaweza kuiona, kwa ldconfig. GDAL inabaki moja, PROJ inabaki moja, na QGIS haijui kwamba kuna kilichobadilika isipokuwa sasa inasoma ECW. Hasara yake ni kwamba apt ikipandisha toleo la GDAL, programu-jalizi itakataa kupakiwa na utaijenga tena. Kwa hiyo andika amri yako yote ya cmake kwenye faili la maandishi, uliweke kando ya jengo. Miezi sita baadaye hutakumbuka folda ya ECW ilikuwa ipi.

Uthibitisho ni mstari mmoja:

gdalinfo --formats | grep ECW

Usipotoa kitu, rudi kwenye usanidi. Ukitoa jina, fungua picha. Na kwa kuwa hana leseni ya kuandika ECW, wala haihitaji, mpimaji aigeuze mara moja iwe muundo ambao kompyuta yoyote ya mteja au ya ofisi ya madini itaufungua bila kujengewa chochote. Tangu GDAL 3.1 ya mwaka 2020 amri hii inatosha:

gdal_translate -of COG duara_kaskazini.ecw duara_kaskazini.tif

Faili litakuwa kubwa kuliko lililokuja, kwa hiyo flashi iwe na nafasi.